Mtu wa Hamsini na Moja

Kazi yangu ni kupima kurasa za mtandao. Nikisema hivyo, watu wanadhani natembea na rula. Ukweli ni kwamba natengeneza umati wa watu bandia ndani ya kompyuta, nawaamuru wote wafungue ukurasa mmoja kwa pamoja, halafu naangalia unachukua sekunde ngapi kufunguka na unaanza kulemewa wakifika wangapi. Watu wangu hawali, hawalali, hawanuni. Nikiandika hamsini wanakuja hamsini, nikiandika elfu wanakuja elfu. Nimelelewa Rasbura, Lindi, katika nyumba ya dada sita, na kelele za watu wa kweli zilinitosha tangu utotoni. Ndiyo maana niliipenda kazi hii.

Siku walipokuja hamsini na mmoja, sikuogopa. Nilikasirika. Hofu ilikuja baadaye.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Kilwa Masoko, kwenye chumba cha mradi nyuma ya soko, feni ikizunguka kwa uvivu na harufu ya samaki ikiingia dirishani bila kupiga hodi. Mradi wetu ulikuwa na kitu kimoja tu cha maana, ukurasa unaoitwa Fika. Mama mjamzito akienda kliniki anawekewa ukurasa huo kwenye simu. Uchungu ukimshika au damu ikimtoka, anabonyeza kitufe kimoja, "Omba gari". Simu ya dereva wa gari la wagonjwa aliye karibu inalia, na dereva anaondoka. Zamani kulikuwa na namba ya kupiga; tulipozindua Fika, namba ile iliondolewa, tukawaambia akina mama sasa mambo yote ni kwenye ukurasa. Tulikuwa tumeanza miezi mitatu nyuma na vijiji vichache vya pwani. Sasa wakubwa walitaka mkoa mzima, na mimi nilipewa wiki moja nipime kama ukurasa utahimili.

Nikaandika hamsini, nikaanzisha jaribio, nikaliacha liende nusu saa. Programu yangu ikaniambia imetuma watu hamsini. Daftari la seva, ile orodha ya kila anayegonga mlango wa ukurasa, likasema waliogonga ni hamsini na mmoja.

"Umehesabu vibaya, dada Nusaiba," alisema Ibrahimu bila kugeuka. Ibrahimu ndiye fundi aliyeutengeneza ukurasa, kijana wa Kimatumbi anayeweza kutania hata akiwa amebeba jeneza.

"Sijahesabu mimi. Kompyuta ndiyo imehesabu."

"Basi ni jini wa Kilwa Kisiwani. Miaka yote hiyo hajaonja mtandao, leo amepata nafasi."

Sikucheka. Kwenye kazi yangu namba ikizidi moja, yote yaliyobaki ni mashaka. Nikaandika kumi. Dakika kadhaa zikapita wako kumi, nikaanza kujiona mjinga; halafu akaja wa kumi na moja. Nikafuta kila kitu, nikazima kompyuta, nikaiwasha upya, nikaandika sifuri. Umati wa sifuri. Sikuwahi kufanya hivyo maishani, maana ni sawa na kuandaa shughuli bila kumwalika mtu halafu ukakaa mlangoni kungoja wageni.

Saa tano na dakika kumi na mbili akaja mmoja.

Aligonga, akangoja sekunde thelathini, seva ikamkatia, akaondoka. Saa tano na dakika ishirini na saba akarudi. Akangoja sekunde thelathini, akakatiwa. Arobaini na mbili akarudi tena. Nilihisi vinyweleo vya mikono vikisimama, mchana kweupe, wauza nazi wakigombana nje. Nilipogeuka, Ibrahimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na hakuwa na utani wowote usoni.

"Huyo hana alama," alisema.

Watu wangu bandia wote wana alama. Tunawawekea ili maombi yao yasilize simu za madereva, tusije tukawakimbiza watu kwenye vijiji kumchukua mgonjwa asiyekuwepo. Huyu hakuwa nayo. Ibrahimu akainama, akafungua daftari la seva, na tukaona mambo mawili ambayo kila anayegonga huyaacha mlangoni. Moja ni mahali anapotoka: Kiswere. La pili ni saa ombi lake lilipobonyezwa mara ya kwanza: Jumatano, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku thelathini na nne zilizopita.

Jina halikuwepo. Ibrahimu alikuwa ameupanga ukurasa hivi: ukibonyeza, unafunguka ukurasa wa pili, na ni mpaka huo wa pili umalize kufunguka ndipo jina linapokelewa na ombi kuhesabiwa. Usipomaliza, simu inajaribu tena yenyewe kila baada ya robo saa. Nikapiga hesabu. Mara nne kwa saa, mchana na usiku, siku thelathini na nne. Mtu huyu alikuwa amegonga mlango wetu zaidi ya mara elfu tatu, na hakuna kati yetu aliyesikia.

"Itakuwa simu imesahauliwa mahali," Ibrahimu alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimzuie? Ni mstari mmoja tu."

"Usimguse."

Nikampigia Stella, mkuu wa mradi, aliyekuwa Dar es Salaam. Stella ni mtu mwenye huruma, ila huruma yake iko kwenye haraka siku zote. "Nusaiba mpenzi, mtu mmoja? Kata mkia, nipe ripoti Alhamisi."

Kukata mkia ni jambo la kawaida kwetu. Ukipima watu mia, mmoja lazima atachelewa kupita kiasi, labda kompyuta ilikohoa, labda waya ulitikisika. Ukimhesabu yeye, anaharibu picha ya wale tisini na tisa. Kwa hiyo unamwondoa. Nilifundishwa hivyo, nami nimewafundisha wengine hivyo, na sikuwahi kulala vibaya kwa sababu yake.

Lakini Stella alipolitamka neno lile, nilikumbuka ripoti yangu ya kwanza, ile ya miezi mitatu nyuma. Nikaitafuta. Ukurasa wa tatu, kwa wino mweusi: "Ukurasa unafunguka kwa sekunde mbili." Chini yake sahihi yangu, yenye ule mkia wa madaha ninaoupenda.

Nikafungua matokeo mabichi, yale ya kabla ya kukata. Wakati ule nilikuwa na watu bandia mia moja, na niliwagawa kwa uwiano, kila kijiji kwa ukubwa wake. Watu wa sehemu zenye mtandao dhaifu ni wachache, kwa hiyo niliwapa nafasi moja kati ya mia. Nafasi hiyo niliipa Kiswere, na mtandao wa Kiswere kama ulivyo, wa kushika ukiegemea dirisha. Tisini na tisa walifungua kwa sekunde mbili. Mmoja alichukua sekunde tisini na nne. Nikamkata.

Wakati wa jaribio lile seva haikuwa na kikomo; siku ya kuzindua tuliiwekea subira ya sekunde thelathini.

Mtoto wa darasa la pili angeiweza hesabu hiyo. Tangu siku tulipozindua Fika, hakuna mtu wa Kiswere aliyeweza kuomba gari. Nikaangalia orodha ya maombi ya vijiji vyote. Kiswere: sifuri. Nikamkumbuka Stella kwenye mkutano wa mwezi uliopita, anatabasamu, anasema Kiswere ni mfano wa kuigwa, hawajapata dharura hata moja. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi.

Kuanzia hapo nilitaka kujua kitu kimoja tu: anayegonga ni simu iliyosahauliwa kwenye droo, au ni mtu niliyemfuta kwa mkono wangu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilijifunza saa zake kama mtu anavyojifunza saa za dawa: kumi na mbili, ishirini na saba, arobaini na mbili, hamsini na saba. Nikiwa nakula wali kwa mama lishe, mkono wenyewe unasimama hewani, naangalia simu, ni hamsini na saba. Nikiwa msalani nahesabu thelathini moyoni, sekunde zake za kungoja, halafu nahisi mlango unafungwa. Ibrahimu naye aliacha kutania. Alihamisha kiti chake ili asiione skrini yangu.

"Kinachoulemea ukurasa wa pili ni picha," aliniambia Alhamisi, macho kwenye meza. "Ile picha kubwa ya mama anacheka na mtoto, yenye nembo za wafadhili chini. Peke yake ni nzito kuliko vyote vilivyobaki. Niliambiwa iwe kubwa."

"Itoe. Na seva uiongezee subira."

"Stella?"

"Stella niachie mimi. Na ripoti sitatuma leo."

Akakubali kuubadilisha ukurasa Jumapili asubuhi, maombi yanapokuwa machache. Mimi nikaamua Jumapili hiyohiyo niwe Kiswere. Nilimwambia naenda kupima nikiwa palepale. Ulikuwa uongo nusu.

Nilishuka basi njia panda, nikachukua bodaboda. Dereva alinitazama ushungi wangu na mkoba wangu, akauliza, "Dada, na wewe unaenda kwenye arobaini?"

"Arobaini ya nani?"

"Ya Hafsa, binti wa Bi Mwanahija. Leo abiria wangu wote wanaenda huko."

Jumatano ile, nikihesabu kuanzia siku yenyewe, Jumapili ilikuwa ya arobaini. Nilijua hesabu hiyo kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia, "Ndiyo, nipeleke huko."

Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, imesakafiwa vizuri, uwani mikeka imetandikwa na sufuria za pilau ziko jikoni chini ya kibanda cha makuti. Wanaume walikuwa barazani na misahafu yao, kisomo kinaendelea. Wanawake walinipokea kama wanavyompokea yeyote anayefika siku kama hiyo, bila maswali. Nikapewa maji, nikapewa nafasi. Bi Mwanahija alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda karibu na dirisha la chumba, mwanamke mwembamba, mikono imetulia magotini.

"Shikamoo mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Ulisoma na Hafsa?"

Hapo ndipo nilipoiona simu. Ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, imeegemezwa nondo, waya unapanda mpaka kwenye kipande cha sola juu ya bati. Kioo kilikuwa na ufa. Skrini ilikuwa inawaka, na maneno yake niliyajua, maana niliyasoma mara elfu nikiyapima: "Tunatafuta gari. Usifunge ukurasa huu."

"Hiyo ni ya marehemu," alisema Bi Mwanahija, akifuata macho yangu. "Tumeiacha hapohapo alipoiweka. Vitu vyake vyote havijaguswa mpaka leo tutakapomaliza kisomo. Ndiyo kawaida yetu. Nguo zipo, kitana kipo. Ila simu ndiyo naihangaikia, maana chaji inakwisha. Mvua ikinyesha siku mbili, naipeleka dukani kwa jenereta, nakaa nayo, nairudisha."

"Kwa nini, mama?"

"Alinikataza nisiizime." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa mara nyingi. "Alibonyeza mwenyewe, damu imeshaanza. Mume wake Nurdin akataka kumpakiza bodaboda. Hafsa akasema hapana, nitafia njiani, simu inatafuta gari, imeandika kabisa. Tukangoja. Akaniambia, mama, usiizime hiyo, inatafuta. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akakata roho, na mtoto wake tumboni. Nilimwosha mimi, mwanangu, usinione nimechanganyikiwa. Najua amekufa. Lakini alinikataza nisizime, na hakuniambia mpaka lini."

Nilitaka kuinuka nikimbie. Nasema kweli. Nilipima umbali mpaka barabarani, nikamwona yule wa bodaboda bado anageuza pikipiki yake. Badala yake nilikaa chini kabisa, kwenye sakafu, miguuni pake.

"Mama, mimi sikusoma na Hafsa. Naitwa Nusaiba. Mimi ndiye niliyeupima ukurasa huo kabla hawajaupa watu. Niliandika unafunguka kwa sekunde mbili. Kwa hapa kwenu haukuwa unafunguka, na namba zangu zilinionyesha, nikazifuta, kwa sababu mlikuwa wachache. Ombi la Hafsa halikumfikia mtu yeyote. Linagonga mpaka leo."

Kisomo kilikuwa kinaendelea barazani. Bi Mwanahija hakupiga kelele wala hakulia. Alinyanyua mkono, nikajua ananipiga kofi, nikafumba macho. Akaniwekea vizuri ushungi ulionivuka kichwani.

"Linagonga," alisema. "Nilikuwa nikiona inajizungusha, nasema moyoni, mwanangu bado anaita."

Simu yangu ikatetemeka mkobani. Ujumbe wa Ibrahimu: "Nimebadilisha. Picha imetoka, seva inangoja dakika tatu. Tuangalie." Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano. Nikamwambia Bi Mwanahija kwamba tumeurekebisha, kwamba ikifika arobaini na mbili simu itajaribu tena, na safari hii huenda ukafunguka. Sikujua kwa nini namwambia. Labda nilitaka aone kwamba nimefanya kitu.

Akavuta kigoda. Mimi nikasogea. Tukakaa wawili tukiitazama simu yenye ufa kwa dakika saba.

Arobaini na mbili ilipofika, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikahesabu kwa mazoea. Thelathini ikapita, hakuna aliyemkatia. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Skrini ikawa nyeupe, halafu yakatokea maandishi ya kijani: "Hafsa Nurdin, ombi lako limepokelewa. Gari linakuja."

Nikabonyeza saa yangu ya kupimia. Sikufikiri, kidole changu hufanya hivyo chenyewe ukurasa ukifunguka. Bi Mwanahija akauliza imeandika nini, nikamsomea. Akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefikishiwa salamu zake.

Ni baada ya dakika chache ndipo nilipopata akili. Watu wangu bandia wana alama. Hafsa hakuwa nayo. Mahali fulani barabara kuu, simu ya dereva ilikuwa imelia, na gari limeondoka kweli.

Nikampigia Ibrahimu, mtandao ukakataa. Nikatembea uwani nimenyanyua simu juu, wanawake wananitazama. Ulipokubali, Ibrahimu aliniambia dereva ameshathibitisha, yuko njiani, na kwamba kwenye vumbi lile hashikiki kwa simu. Nikarudi kwenye kigoda. Kulikuwa na jambo la kumwambia Bi Mwanahija na sikuwa na ujasiri nalo, nikamwambia hivyohivyo bila ujasiri: gari linakuja, kweli, na halijui kwamba Hafsa hayupo.

"Liache lije," alisema. "Tulilingoja."

King'ora kilisikika kisomo kikiwa kwenye dua. Wanaume wakageuka. Gari jeupe likaingia kwa mwendo mkali, likasimama karibu na mikeka, vumbi likatuangukia sote. Nikabonyeza saa yangu. Dereva akaruka chini, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, nguo imeandikwa jina kifuani: Abdala.

"Asalaam alaykum. Mgonjwa yuko wapi?"

Alitazama misahafu, akatazama sufuria, akavua kofia yake, akaivaa tena. Nurdin, yule mume, alitoka barazani, akapita mbele yake bila kumsalimu, akaenda nyuma ya gari, akafungua mlango. Ndani kulikuwa na kitanda kimetandikwa shuka safi, limekunjwa pembeni tayari. Akaweka kiganja juu ya shuka, akabaki hivyo.

Bi Mwanahija aliinuka akanijia. "Tangu iandike limepokelewa mpaka sasa, ni muda gani?"

Nikaangalia saa yangu, ingawa nilikuwa nimeshaiona. "Dakika arobaini na saba."

"Alibonyeza saa tatu na dakika kumi na mbili. Nieleze ingekuwa saa ngapi."

"Saa nne kasoro dakika moja, mama."

"Saa nne kasoro." Macho yake yalikuwa kwenye kizingiti cha dirisha. "Saa nne kasoro alikuwa anazungumza na mimi. Aliomba chai. Nikamwambia ngoja, usinywe, hospitali watakukataza." Akanishika mkono wa juu, kwa nguvu nisiyoitarajia. "Lingefika?"

Ningeweza kusema barabara siku ile huenda ilikuwa mbaya. Ningeweza kusema huenda dereva angekuwa na safari nyingine. Nimezoea kuandika maneno ya aina hiyo mwisho wa ripoti. "Kama angepona, hilo Mungu ndiye ajuaye," nilisema. "Lakini lingefika, mama. Lingemkuta anazungumza."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na wanawake wakaja wakatushika wote wawili bila kuuliza nani ni mfiwa na nani si mfiwa.

Abdala alikuwa ameshaelezwa na wazee. Alikaa kwenye ngazi ya gari, simu mkononi, jasho linamtoka. Nilipomkaribia alinionyesha skrini. "Dada, naambiwa wewe ni wa mfumo huu. Nibonyeze nini? Nisipobonyeza, gari linahesabika lina mgonjwa, mwingine akiomba sipelekewi."

Vitufe vilikuwa viwili tu. Kimoja kimeandikwa "Mgonjwa amechukuliwa". Kingine, "Ombi la uongo". Sisi ndio tuliovitunga, ofisini, feni ikizunguka, na hatukufikiria kwamba kunaweza kuwa na la tatu.

"Itabidi hiki," alisema Abdala taratibu, kidole juu ya kile cha pili. "Samahani sana, mama. Ni utaratibu tu."

"Mwanangu si mwongo," alisema Bi Mwanahija. Alikuwa amesimama nyuma yetu, uso umeloa. "Aliomba kweli. Bonyeza umemchukua."

"Mama, lakini hayupo..."

"Umemkuta arobaini yake. Umekuja mpaka mlangoni kwake. Mchukue, mwanangu. Bonyeza, halafu unawe mikono ule, wasije wengine wakakungoja."

Abdala alinitazama. Kanuni za mradi zinakataza kuandika safari ambayo haikuwepo, na mimi ndiye niliyesaini kanuni hizo. Nikatikisa kichwa kukubali. Akabonyeza.

Dirishani, simu yenye ufa ikabadilika. Bi Mwanahija akaniomba nimsomee, macho yake yamejaa maji. Nikamsomea: "Hafsa, umechukuliwa. Sasa unaweza kufunga ukurasa huu." Akaichukua kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa pembe ya kanga, akaibonyeza pembeni mpaka ikazima. Kisha akaupachua waya na kuukunja vizuri, akaenda kuviweka ndani pamoja na nguo na kitana.

Ripoti niliituma Jumatatu. Mstari wa Kiswere niliuandika wa kwanza, na mkia sikuukata. Stella alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshaisoma. Namba ya zamani ya kupiga gari ilirudishwa wiki hiyohiyo.

Nilipomaliza kuongea na Stella, nikafungua programu yangu, nikaandika sifuri. Ilikuwa saa tano asubuhi. Dakika ya kumi na mbili ikapita, ya ishirini na saba ikapita. Hakugonga mtu. Ibrahimu akaniambia twende tukale, nikamwambia atangulie, nikakaa palepale mpaka jioni nikimngoja.